Mstari wa Lonzu

Tarehe 8 Machi 2017, dhoruba ikivuma, tao la mwamba la Dwejra, kisiwani Gozo, liliporomoka baharini pamoja na nguzo yake. Hilo halina ubishi.

Grezzju Xerri alikuwa amezeeka akiwapitisha wageni kwa mashua chini ya tao hilo. Wao walitazama juu na kupiga picha. Yeye alitazama maji. Katika bahari hiyo, mbele ya tao, alizama mwanawe, Indri, akivua na Lonzu, kaka yake Grezzju.

Mwamba wa chini ya maji wenye samaki, walipotia nanga siku ile, ulikuwa urithi. Mvuvi wa huko hupajua mahali baharini kwa mistari miwili inayokutana, kila mmoja ukipatikana alama mbili za nchi kavu zionekanapo zimepangana. Marehemu baba yao, akichelea wanawe wasije wakadhulumiana, alimpa kila mmoja mstari mmoja, akawaapisha wasiambizane, ili mmoja asifike bila mwenzake. Grezzju alipewa wa mnara wa kanisa. Siku alipougua, alimfundisha Indri mstari huo, akamtuma badala yake. Pepo zikapindua chombo. Lonzu aliokotwa hajitambui. Alipozinduka, msako ulikuwa umekwisha. Kwenye misa isiyo na jeneza, Grezzju alimwita muuaji mbele ya watu. Tangu hapo hawakusemezana.

Uzeeni Grezzju alibakiwa na haja moja: kushusha msalaba wa jiwe pale alipolala mwanawe. Majira ya baridi ya mwaka ule, tao likiwa bado limesimama, akabisha mlango wa Lonzu.

"Nani? Nilidhani padri kaniletea mafuta ya mwisho."

"Ni mimi, kaka."

"Loo! Kumbe muuaji bado ana ndugu!"

"Acha sumu, mzee wewe," alikemea Vitorja, mkewe. "Karibu shemeji, kahawa i motoni."

"Sikufuata kahawa, shemeji. Kaka, nipe mstari wako."

"Tuliapa."

"Baba kafa."

"Kiapo je, nacho ulikizika? Kwa mdomo sisemi. Nitakuonyesha kwa macho. Bahari ikitulia, nibebeni kama gunia la viazi mnitie chomboni."

Bahari haikutulia. Habari za tao zilipofika, Lonzu alimwita Grezzju, akakivunja kiapo.

"Ukiwa baharini, ukingo wa nguzo ya tao uonekane ukigusa Jabali la Jenerali, kile kijisiwa cha ghubani. Ndio mstari wangu."

"Nguzo ile?"

"Ileile uliyokuwa ukiwaonyesha wageni."

"Si ipo kwenye ramani? Kwenye picha?"

"Ukingo wa chini, Grezzju, penye mbonyeo. Picha zao zilipigwa toka nchi kavu au chini ya tao, si toka kule mwambani. Ukikosea kidogo huku, kule umepotea kabisa."

Dhoruba ilipopita, Grezzju aliufuata mstari wa mnara peke yake, akaenda na kurudi hata mikono ikafa ganzi. Mwisho akaushusha msalaba mahali ambapo hakuwa na sababu ya kupachagua kuliko pengine.

Indri yu mahali fulani kwenye mstari wa mnara. Ni wapi, haijulikani.