Safa, Marwa na Magoti ya Mama

Safari hii ilianzia kwenye magoti ya mama yangu. Siku daktari alipotuambia kuwa yamechakaa na hayatarudi kuwa kama zamani, nilimrudisha mama nyumbani kwetu Mkuyuni, Mwanza. Tulipofika akakaa kitandani, akayapapasa, akasema, "Kabla hayajagoma kabisa, nataka yanifikishe Makka."

Hija ilikuwa juu ya uwezo wetu, kwa hiyo tukapanga umra, ile hija ndogo. Dada yangu Mwanahawa alitoa sharti moja: mama asukumwe kwenye kiti cha magurudumu mwanzo mpaka mwisho. Nikamwapia. Mama naye akatoa lake: kuizunguka Kaaba angekubali kiti, ila kati ya vilima vya Safa na Marwa angetembea kwa miguu yake. Nikamuuliza kwa nini. "Basi tu," akasema. Nikawa nimebeba ahadi mbili zisizoweza kukaa kwenye begi moja.

Kila Jumapili alasiri, kwa miezi miwili, tulihudhuria darasa la umra msikitini. Ustadhi wetu, ambaye ndiye angetuongoza safarini, alifundisha taratibu: Bibi Hajar alivyoachwa na kichanga chake katika bonde lisilo na mmea, maji yalivyowaishia, alivyokimbia kutoka kilima cha Safa hadi cha Marwa akitafuta msaada, mara saba, mpaka maji ya Zamzam yalipobubujika penye miguu ya mtoto. Watu wakayafuata maji, mji ukaota hapo. Baadaye Nabii Ibrahimu akarudi, akainua kuta za Kaaba pamoja na mwanawe Ismaili, yule yule aliyekuwa akilia kiu. Mama alikaa mbele upande wa wanawake, hapepesi macho. Mimi ni fundi cherehani, na ulikuwa msimu wa harusi. Kila simu ilipotetemeka nilitoka nje kujibu wateja wa sare.

Asubuhi ya kuondoka, jirani yetu Mama Koku, Mkatoliki wa Bukoba, alitusindikiza mpaka uwanja wa ndege. Alimpa mama kopo la senene, wale panzi wa kwao, wa kukaanga.

"Huko hakuna hawa," akasema. "Na mimi uniombee, Mama Mwanahawa. Usinisahau kwa sababu ya rozari yangu."

"Nitakutaja kwa jina," mama akamjibu. Wakashikana mikono mpaka nikaanza kuangalia saa.

Dar es Salaam, kabla ya kupanda ndege ya Jeddah, wanaume tulivaa ihramu: shuka mbili nyeupe zisizo na mshono hata mmoja. Miaka yote nimekula kwa mshono, leo nasimama mbele ya watu nimejifunga kitambaa ambacho sindano haijakigusa. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Fundi wangu," akasema, "leo umeshindwa kazi."

Makka tuliingia alfajiri. Baada ya swala nilimsukuma mama kwenye kiti mpaka ghorofa ya juu, wanakopita wenye viti, tukasogea ukingoni. Chini yetu ilikuwa Kaaba. Nilikuwa nimeiona kwenye picha tangu utotoni, ila picha haikuniambia kuwa dua zote nilizokariri zitapotea. Mama hakulia. Alisoma majina: marehemu baba, wanawe, wajukuu, na Mama Koku, kama alivyoahidi. Tukazunguka mara saba, tukaswali, tukanywa Zamzam.

Pale Safa, mama aliegemea mkono wangu akainuka kwenye kiti. "Kirudishe," akasema.

Leo vilima hivyo vimefunikwa paa, sakafu ni marumaru, feni zinapuliza. Usidanganyike na feni. Safari zote saba ukizijumlisha ni kama kutoka Mkuyuni kwenda Butimba, na mama alikuwa hajatembea hata nusu ya hapo kwa miaka. Ustadhi na wenzetu walitangulia, sisi tukaenda taratibu. Tukifika Marwa tunapumzika, tukirudi Safa tunapumzika, nami nakunja kidole kimoja. Mwanamume mmoja mwenye kiti cha kukodi alitupita mara tatu, kila mara akimtazama mama kisha mimi, kama anayeniuliza nina roho gani.

"Mama, panda. Dini yetu nyepesi, Ustadhi amesema."

"Amesema. Twende."

Nilipokunja kidole cha tatu, miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vya kitambaa vimembana. Nilihesabu vilivyobaki: vidole vinne. Nilijiona mpumbavu aliyemtoa mama yake Mwanza kuja kumwangusha mbele ya dunia nzima.

Katikati ya njia kuna sehemu yenye taa za kijani, bondeni pale ambapo Bibi Hajar hakuweza tena kumwona mwanawe, akakimbia. Wanaume hukimbia kidogo hapo. Wanawake hutembea. Safari hii, tulipoingia kwenye taa hizo, mama aliuachia mkono wangu, akakusanya baibui, akakimbia.

Kukimbia gani! Hatua fupi fupi za kuburuta. Lakini alikuwa anakimbia.

"Mama! Wanawake hawakimbii hapa!"

Hakugeuka. "Aliyekimbia hapa alikuwa mwanamke!"

Nikamfuata, shuka mkononi. Watu walimpisha. Zilipoisha taa alinishika tena, anahema, uso umeloa, na sikujua kama ni jasho.

Marwa nilimkalisha, nikapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Nguvu umezimalizia pale na bado tuko nusu. Ngoja nilete kiti. Mwanahawa ataniua."

"Nusu ya nini?"

Nikamwonyesha vidole. Kwenda na kurudi, moja. Kwenda na kurudi, mbili.

Mama alinitazama kwa huruma. "Kwenda moja, mwanangu. Kurudi ya pili. Hii ilikuwa ya saba, tumemaliza. Ungesikiliza darasa badala ya kujibu simu za sare, ungejua."

Fundi anayepima viuno vya watu kutwa, hesabu ya saba imenishinda. Nilicheka nikilia, kichwa kikiwa mapajani mwake.

Hotelini alinipa mkasi wangu mwenyewe nimkate ncha ya nywele, umra ikamilike. Nywele zake zimekuwa nyeupe na laini. Nikiwa nimezishika, akaanza kuongea bila kuulizwa.

"Ulikuwa na mwaka mmoja. Tulikaa kisiwani, baba yako yuko ziwani. Ukashikwa na degedege mchana. Zahanati iko ng'ambo. Nikakulaza kwa jirani, nikakimbilia mwaloni, inakotia nanga mitumbwi, kutafuta chombo. Hakuna. Nikarudi kukutazama kama unapumua. Nikakimbia tena mwaloni. Hakuna. Nikarudi. Sijui mara ngapi. Bibi Hajar alitafuta maji, mwanangu. Mimi maji yalikuwa yamenizunguka pande zote, natafuta mtumbwi."

"Ukapata?"

"Si unanikata nywele?"

Niliuweka mkasi chini. Miaka arobaini hakuwahi kuniambia. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema hakunificha. Kila alipotaka kusimulia alikumbuka zile mara alizorudi mikono mitupu, akaona aibu, kana kwamba mama mwingine angekuwa na mbio zaidi.

Siku tuliyorudi Mwanza, ndege iliinama juu ya ziwa na mama akabandika paji la uso dirishani. Visiwa vilikuwa vimetulia chini. Hakunionyesha kipi, nami sikuuliza. Nyumbani Mwanahawa alikuwa wa kwanza: "Kiti kilikuwaje?" Mama akasema kilikuwa kizuri sana, akaniangalia. Majirani walipewa Zamzam kwenye vikombe vya kahawa, na kopo la Mama Koku likarudi limejaa tende.

Mama sasa anatembelea mkongojo. Watu dukani wananiuliza nilijifunza nini Makka, wakitegemea jambo kubwa. Ninawaambia nilijifunza kuhesabu, wanacheka. Lakini ndiyo kweli. Nilifika pale nikidhani safari ni moja mpaka urudi ulikoanzia. Kumbe kwenda kunahesabiwa, na kurudi kunahesabiwa. Nilipomwambia mama kwamba basi na zile mara alizorudi kutoka mwaloni bila mtumbwi zote zimeandikwa, alinishika shavu, kama anayeangalia kama napumua.