Kupe kwenye Mmea wa Ayeeyo

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Garissa, barazani kwa ayeeyo, mama yake mama. Nilikuwa na miaka minane, nimeletwa kutoka Griftu kuanza shule, na nilichokijua vizuri duniani ni mbuzi tu.

Pale barazani, kivulini, ulining'inia mkebe wa maziwa ya unga wenye mmea wa ajabu: hauna majani, una mashina bapa tu yaliyoinama kama mikanda. Ayeeyo alisema ni jamaa ya mpungate, ila huu kwao ni misituni, huota juu ya miti, na jua letu lingeukaanga. Aliupanda kwenye vipande vya makaa na samadi kavu ya mbuzi, akaunywesha maji ya mvua aliyoyakinga, maana ya kisima yana chumvi. Majirani walimcheka sana kwa kuubembeleza mpungate, mmea ambao kwetu miiba yake haihurumii hata mbuzi.

Aliuleta habaryar Hodan, mdogo wake mama, ukiwa kipande kimoja tu kutoka Nairobi, akaahidi kwamba utatoa maua mekundu. Mwaka huohuo akafariki. Ayeeyo akayangoja maua hayo miaka mitatu. "Nataka nione alichoniachia," alikuwa akisema.

Asubuhi moja, yeye akiwa sokoni, niliona vitu vidogo vyekundu vimejishika kwenye kingo za mashina. Moyo ulinilipuka. Kupe! Wamemvamia mnyama wa watu na mwenyewe hana habari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikajiona mimi ndiye mgeni huyo. Nikapanda juu ya ndoo, nikawang'oa mmoja mmoja kwa kucha, nikizungusha kidogo ili kichwa kisibaki, kama baba alivyonifundisha, nikawatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Walikuwa kumi na saba.

Ayeeyo aliporudi nilimpelekea kopo kwa majivuno. Alitazama ndani, akatazama mmea, mfuko wa nyanya ukamponyoka. Nilidhani ameshtushwa na wingi wao.

"Umewatoa wote?"

"Wote, ayeeyo. Hakubaki hata mmoja."

Akanivuta kifuani. "Allah akubariki," akasema. "Umeuchunga vizuri. Siku nyingine ukiwaona, niite kwanza."

Siku nyingine haikuwapo. Ayeeyo alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Nami nikakua na sifa zangu. Hata mume wangu nilimsimulia nilivyouokoa mmea ule.

Mwaka jana kipande chake, nilichokipanda kwangu, kilitoa kupe walewale. Kwa uvivu tu nikasema nitawatoa kesho. Shughuli zikanisahaulisha, na wiki chache baadaye nikafungua mlango asubuhi, nikakuta ua jekundu, kubwa kuliko kiganja changu.

Wenzangu, kumbe yale yalikuwa matumba ya maua. Kumi na saba, kwa kucha zangu hizi. Na ayeeyo alijua palepale, kopo likiwa mkononi mwake, akanibariki.