Mkaza Mwana wa Muyeye Yuko Hai

Wanangu, hamjambo. Admin nimemwomba anifichie jina, amekubali. Mimi ni nyanya, nakaa Muyeye hapa Malindi. Miaka yangu siijui sawasawa, lakini magego yamekwisha na wajukuu wameanza kuniletea vitukuu. Shule sikuingia hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu, nitamwita Dama. Mimi nasema, yeye anachapa, na akinipunguzia neno namwona usoni.

Kilichonileta kwenu ni mwanangu wa kwanza, babake Dama. Alipewa jina la baba mkwe wangu, ndiyo desturi yetu. Na mimi nililelewa kwamba jina la mkwe halitoki mdomoni mwa mke wa mwanawe, hata mkwe akiwa kaburini. Basi tangu namnyonyesha namwita Baba. Alipopata akili akanigeuzia utani, akaniita mkaza mwana, kana kwamba yeye ndiye mzee mwenyewe na mimi nimeolewa na mwanawe. "Mkaza mwana, chakula cha mkweo ki wapi?" Ndevu hana, lakini anadai. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Baba alikuwa mpishi kwenye nyumba za wageni. Mkewe alifariki akijifungua, na kichanga naye. Dama alikuwa bado mdogo. Matanga yalipokwisha akaniambia, "Nyumba hii inanila. Naenda Vipingo kutafuta kazi." Simu yake tuliipata wiki za kwanza, kisha ikazimwa. Tuliuliza Vipingo, tukafika mpaka Kuruwitu, tukauliza hospitali na polisi. Maiti hakuna, mtu hakuna.

Sasa Dama amekua, na kazi yake ni kuwatengenezea kurasa za mtandao wenye nyumba za kukodi. Akasema, "Nyanya, Baba nitamtengenezea wake. Wewe nipe kichwa."

Kichwa gani? Akanionyesha simu. Mtu akitafuta kitu, vinamjia vistari vya maandishi, kimoja chini ya kingine. Kile kistari ndicho kichwa. Mtu hukisoma kabla hajaingia ndani, na wengi hawaingii. Nikamwambia aandike, "Baba rudi nyumbani, tunakungoja."

Hakuja mtu. Dama alijaribu kuutafuta ukurasa wetu mwenyewe, akaletewa mahubiri na nyimbo za kanisani.

"Nyanya, akina baba ni wengi duniani. Kichwa kinataka maneno ambayo anayetafuta angeyaandika mwenyewe. Jina lake, kazi yake, mtaa wake. Na yatangulie mbele, maana kikiwa kirefu mkia unakatwa."

"Jina silitaji."

"Nitalitaja mimi. Mkwe si wangu."

"Litaje huko nje, mke mwenza. Mimi nisisikie."

Akaenda uani akaliandika huko. Jina la mzee, mpishi wa Muyeye, alipotelea Vipingo.

Basi watu wakaanza kuja. Wapishi wenzake wa zamani walituandikia, wakatupa pole. Kumbe mwenye ukurasa anaweza pia kuona maneno ambayo watu wameandika mpaka ukurasa wake ukawatokea. Siku hiyo nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, Dama ananisomea. Fulani mpishi Malindi. Fulani aliyepotea Vipingo. Kisha akasoma, "Mkaza mwana wa Muyeye yuko hai." Akacheka. "Nyanya, mkaza mwana ndiye nani huyu?"

"Ndimi," nikamwambia. "Na anayeandika hivyo ni babako."

Tangu hapo maneno hayo yamerudi tena na tena. Anayeyaandika anaonyeshwa kichwa chetu, hakifungui. Ndani kuna picha yangu nimekaa na Dama, angeona kila kitu. Haingii. Anasoma kistari, anaondoka, kama mtu anayesimama nje ya ua akisikiliza kama mna watu. Na mimi sasa nikipika nasikia mtu nyuma yangu anauliza chakula cha mkwe. Nageuka, sioni mtu. Sahani yake nimeanza kuiosha na hakuna aliyeilia.

Nimewaza sana kwa nini aulize kama ni mzima. Nadhani anangoja nife. Sisemi kwamba ananitakia. Mtoto wa kwanza wa kiume lazima afike amtie mzazi wake udongo, na hilo analijua. Kuja mimi nikiwa mzima ndiko kunakomshinda, kwa sababu nitamtazama usoni. Maiti haimtazami mtu.

Nikamwambia Dama, "Andika tanzia. Mamake fulani amefariki, mazishi Muyeye."

"Nyanya, usinifanyie hivyo."

"Kistari kimoja tu. Atakuja."

"Kichwa kikidanganya, mtu anaingia, anaona uongo, anatoka na harudi tena. Hata kwa nyumba za kukodi ni hivyo, seuze Baba." Halafu akalia. "Na nikiandika umekufa, kisha ukafa kweli, mimi nitakaa vipi?"

Nikamfuta machozi kwa leso yangu. Tanzia haikuandikwa.

Wanangu, miguu imeanza kunivimba na pumzi inanikatika nikitoka kisimani. Dama anasema ukurasa huu una wasomaji wengi, utamtokea haraka kuliko wetu. Ndiyo maana nimemwomba Admin asiweke kichwa chake alichokizoea, aweke yale yale anayoandika Baba, asiongeze wala asipunguze. Swali lake ndilo jibu lake.

Lakini nina hofu. Akijua niko hai atatulia, aendelee kungoja huko aliko. Mnasemaje nyinyi? Nibaki hai nisimwone, au nife kwenye simu aje nimshike mkono? Nishaurini, na msinionee haya kwa uzee wangu.

Na wewe Baba, kama umefika hapa kwa maneno yale, basi umeshaingia ndani. Chakula cha mkwe wangu kipo.