Mama Hamisi hataki mwanawe ageuzwe

Leo nimepigwa kofi mkononi na mama wa mgonjwa, na bado nacheka peke yangu.

Huyo mgonjwa tumwite Hamisi (jina nimebadilisha). Ni dereva wa pikipiki, wa mtaa wa Nyamirambo.

Wiki iliyopita alikuwa mahututi. Mapafu yamejaa maji, mashine ndiyo inampumulia.

Tukamgeuza watu watano, tukamlaza kifudifudi, mmoja kashika mpira wa kooni kama kashika yai.

Mama yake akaingia, akamkuta vile.

Yewe!

"Nesi, Muislamu halali kwa tumbo! Huyu tangu mdogo namgeuza. Mgeuze!"

Nikamweleza kwamba mapafu yamebanwa kwa nyuma, na akilala hivi yanafunguka. Nikamwonyesha namba ya oksijeni kwenye skrini, inapanda pole pole.

Alikaa na tasbihi yake, macho kwenye ile namba.

Juzi tukamtoa mashine. Alhamdulillah!

Leo asubuhi namletea uji, namkuta Hamisi anakoroma. Kajigeuza mwenyewe, kifudifudi, mkono unaning'inia.

Nikanyoosha mkono nimgeuze anywe uji.

Paa! Kofi.

"Mwache! Hivyo ndivyo amepona."

"Mama, sasa iko sawa, anaweza kulala hata kwa mgongo."

"Oya, hapana. Alale hivyo hivyo."

Jamani, nyinyi mngembishia?

Mimi nimefunika uji. Yeye akamvutia mwanawe shuka mpaka mabegani, akaninong'oneza:

"Kwa Mungu nitamwombea msamaha mimi."