Kendi alivyotabasamu kwenye simu

Leo mtu ameniambia nisiende ng'ambo, huku akitabasamu.

Mimi na dada yangu Makena tulikuwa kwa ofisi ya ajenti hapa Meru mjini. Ajenti ndiye anatutafutia kazi za nyumbani nje. Nikamwuliza mbona visa zetu ni za kutembea, si za kazi.

"Mkifika, tajiri atawatafutia kibali cha kukaa. Hamniamini? Wacha niwapigie Kendi."

Kendi tulisoma naye shule ya Kiirua. Alienda mwaka jana na visa kama hiyo.

Akatokea kwa video. Amekonda jamani! Nyuma yake ukuta mtupu.

"Huku ni kuzuri. Mkuje," akasema.

Nikamsalimia kwa Kimeru. Ajenti si mtu wa huku, hasikii Kimeru.

Kendi hakuacha kutabasamu. Sauti ilikuwa ile ile tamu. Akajibu kwa Kimeru: "Hakuna kibali. Paspoti walichukua. Nikitoka nje nashikwa. Msikuje. Sasa cheka, kuna mtu ananiangalia."

Nikacheka. Wueh! Nilicheka nywele zikinisimama.

"Amesema nini?" ajenti akauliza.

"Anasema tubebe sweta."

Tukachukua paspoti zetu pale mezani, eti tunaenda kutoa kopi. Hatukurudi.

Saa hii niko kwa geti ya mama yake Kendi. Ameniona. Anakuja akipangusa mikono na leso.

"Ingia, mwanangu! Makena amenipigia, anasema mmeongea na Kendi. Yuko sawa?"

Ingekuwa nyinyi, mngeanzia wapi?