Sala Niliyokwenda Kuifuta Usevya

Nilisafiri kwa sababu nilishindwa kusali. Mtu anayenifahamu hapa Mpanda akisoma sentensi hiyo atacheka, maana kwa zaidi ya miaka thelathini mimi ndiye mzee wa kanisa anayeitwa kila panapotakiwa sala: harusini, msibani, hata siku ya kuwasha mashine mpya ya kusaga. Vijana wa kwaya waliniita Mzee Mkesha, kwa kuwa nikianza kuombea chakula, wali unapoa. Nililijua jina hilo na lilinipendeza. Nilidhani wananisifu.

Mke wangu alipofariki mwaka juzi ndipo nilipogundua jambo la aibu. Nilipiga magoti peke yangu chumbani, nikasema, "Ee Baba wa rehema, uketiye mahali pa juu," nikakwama hapo. Hapakuwa na mtu wa kuitikia. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kusikilizwa na watu. Nikajaribu kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Kila nikifumba macho namwona mdogo wangu Tabitha amevaa sare ya kwaya, ananitazama.

Tabitha alifiwa na mume akiwa bado kijana. Baada ya miaka kadhaa akapendana na Mabula, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, mtu mpole ambaye wakati huo hakuwa amebatizwa. Mimi kaka mtu sikumwita dada yangu nyumbani nikamuuliza. Nilingoja Jumapili.

Kwetu kuna njia hii ya kusemana, na wanaosali nasi wanaijua vizuri. Ukimsema mtu sokoni, atakujibu. Ukimsema ndani ya sala hana la kujibu, maana huongei naye, unaongea na Mungu, na watu wote wamefumba macho. Nilipoitwa mbele kuomba, nilisema: "Bwana, unamjua binti yako aliye katika kwaya, anayeimba habari za msalaba huku akihesabu mikia ya ng'ombe wa mpagani." Kanisa likaitikia amina. Nilipofumbua macho, Tabitha alikuwa ameshatoka. Baada ya ibada wazee wenzangu walinishika mkono wakasema leo umeomba, mzee. Nilikwenda nyumbani nikala vizuri sana.

Tabitha akahamia Usevya na Mabula wake. Ikapita miaka kumi na moja. Alikuja mara moja tu, kumzika wifi yake. Alikaa na akina mama chini ya turubai, akalia, akaondoka bila kunipa mkono.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi ya Mpanda na begi moja. Ndani mlikuwa na kilo mbili za sukari, doti ya kitenge, na karatasi mbili za daftari nilizoandika mbele na nyuma. Ilikuwa sala. Mpango wangu ulikuwa huu: nifike, nisalimie, niombe ruhusa ya kusali, kisha katikati ya sala niingize maneno ya toba kwa ufundi, Tabitha alie, nami nilie kidogo, yaishe. Hata toba nilikuwa nimeitengenezea jukwaa.

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja wa Katumba aliyekuwa anapeleka maharage mnada wa Kibaoni. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapahapa, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mvuto wa Kirundi. Akaniona nanong'ona juu ya karatasi.

"Mzee, unasoma barua ya mahakama?"

"Hapana, mama. Ni sala."

"Ya nani?"

"Yangu. Nimeiandika mwenyewe."

Akanyoosha shingo akatazama ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili bila kuniomba. "Na huku nyuma pia ni sala hiyohiyo?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema. "Lakini Mungu ana watu wengine pia wanaomsubiri."

Sitalike basi lilisimama. Ilikuwa kiangazi, mto umebaki matope, na viboko walikuwa wamebanana ndani yake kama magunia yaliyotupwa. Abiria walishuka kuwatazama na kuziba pua. Mimi nilibaki kwenye kiti. Nilikuwa nimefika aya ya tatu na nilitaka kuishika kichwani.

Baada ya Sitalike barabara inaingia mbugani. Nilifumba macho ili nikariri vizuri. Nilisikia watu wakisema twiga hao, nikasikia wengine wakihamia madirisha ya upande wangu, lakini sikufumbua, maana nilikuwa pale pazuri panaposema "mimi mavumbi na majivu." Ndipo mbung'o akaniuma kwenye kope. Kwa wasiomjua mbung'o, ni nzi mwenye sindano. Yule mama alimpiga kwa kiganja, na bila shaka alinipiga na mimi.

"Pole, mzee. Humu ndani hatufumbi macho."

"Twiga wako wapi?"

"Tumewaacha nyuma."

Niliingia Kibaoni jicho moja limevimba, sijaona mnyama hata mmoja. Nikanywa chai kwa chapati, nikapanda bodaboda kwenda Usevya. Zile karatasi nilizishika mkononi zisikunjike, vumbi likazigeuza rangi ya udongo.

Saa tisa alasiri nilifika. Nyumba yao ni ya tofali za kuchoma, ina zizi kubwa la miiba pembeni. Tabitha alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele. Amenenepa, na nywele zimeingia mvi mbele, kama za mama yetu. Aliponiona ungo ulisimama hewani.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Watoto wako?"

"Wazima wote."

Akanitazama lile jicho langu. "Basi kaa," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilikaa. Nilimwuliza habari za mpunga, akasema mzuri. Nilimwuliza habari za mvua ya mwaka jana, akasema ilinyesha. Jua lilipoanza kulala Mabula alirudi na ng'ombe. Aliniona, akaweka fimbo chini, akaja kunisalimia kwa Kisukuma, kwa mikono miwili.

"Mwadila, shemeji. Karibu sana. Umetukumbuka."

Mtu niliyemwita mpagani mbele ya kanisa zima ndiye aliyenikaribisha.

Chakula kilikuja. Kila anayesoma hapa anajua kwamba mgeni aliyetoka mbali huchinjiwa kuku, na kuku walikuwepo, nimewaona, wengine walipita juu ya viatu vyangu. Tabitha aliweka mbele yangu ugali na mlenda. Nilielewa. Nikasema moyoni, sasa ndiyo saa ya karatasi.

"Naomba niombee chakula," nikasema. Hakuna aliyekataa. Nikafumba macho, jicho moja likiuma, nikaanza kwa ile sauti yangu. "Ee Baba wa rehema, uketiye mahali pa juu, wewe unamjua mtumwa wako, jinsi alivyomkosea dada yake kwa ulimi."

"Kaka," akasema Tabitha.

Niliendelea. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunikatiza nikiomba. "Wewe, Bwana, uliyeona machozi yake..."

"Kaka. Unaongea na nani?"

"Naongea na Mungu."

"Mungu alikuwepo siku ile, alisikia. Mimi niko hapa."

Nilibaki nimefumba. Nawaambia ukweli, niliogopa kufumbua. Mabula akakohoa, akasema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia ya chooni:

"Shemeji, sisi hapa tunaomba macho wazi. Mimi nilifundishwa kuomba nikiwa machungani, karibu na mpaka wa mbuga. Ukifumba macho kule, anayekuitikia amina ni fisi."

"Nani alikufundisha?"

"Ni huyuhuyu dada yako. Nimebatizwa, huu mwaka wa nne."

Nikafumbua. Tabitha alikuwa ananitazama usoni, si kwa hasira, kwa kungoja tu. Karatasi zilikuwa gotini kwangu na hazikunisaidia kitu, maana sentensi zote zilianza na "Bwana." Nilitafuta moja inayoanza na jina lake. Haikuwepo.

"Tabitha," nikasema, "nilikusema vibaya mbele ya watu. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua utanijibu. Nilifurahi siku ile. Niliporudi nyumbani nilifurahi."

Hilo la kufurahi sikulipanga. Lilitoka lenyewe, na ndilo lililomfanya aweke chini jagi la maji ya kunawa.

"Nilijua ulifurahi," akasema. "Nilikuwa mlangoni nimegeuka. Uliponyamaza ulikuwa unatabasamu."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Akafikiri. "Ulinisema mbele ya kanisa. Radhi unaniomba mbele ya mlenda."

"Nitamwomba mchungaji atangaze."

"Mchungaji ndiye aliyenisema?"

Mabula akasogeza bakuli. "Tuleni, ugali unapoa," akasema. Kisha akatazama ng'ombe wake, akatazama mkewe, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ileile, "Mungu, tumefika jioni wote. Asante." Tukala. Nilichelewa kujua kwamba ile ilikuwa sala.

Ijumaa, kulipopambazuka, nilimkuta Mabula amesimama mlangoni mwa zizi, midomo ikicheza, macho yakipita juu ya ng'ombe mmoja mmoja. Sikumsumbua. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama kati ya choo na mti wa mpapai. Si mahali ambapo ningechagua kwa ibada. Sikupiga magoti kwa sababu ya kinyesi cha kuku. Nikatazama paa, nikatazama mpapai, nikasema, "Mungu, naiogopa Jumapili." Nikangoja lije neno lingine, halikuja. Lakini tangu nifiwe ile ilikuwa sala ya kwanza niliyoifikisha mwisho, na hakuna mtu aliyeisikia isipokuwa jogoo mmoja ambaye alikuwa na bahati ya kuwa hai.

Wakati wa kuondoka Tabitha alinipa karanga za kukaanga za njiani. Alikuwa amezifunga kwenye karatasi za daftari.

"Hii ni sala yangu," nikasema.

"Najua. Nimeisoma. Mwandiko wako bado mzuri."

Mkono alinipa. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza tena.

Saa saba mchana basi lilipita mbugani. Nilikula karanga kutoka ndani ya aya ya tatu, macho wazi. Niliona twiga wanne na nyati wengi kiasi cha kuchosha. Pale Sitalike nilishuka na wenzangu kutazama viboko, nikaziba pua kama kila mtu.

Jumapili, saa nne, niliitwa mbele kuomba, kama kawaida. Wote wakainamisha vichwa. Mimi sikufumba. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona kanisa letu wakati naomba, na nawaambia ni tofauti na nilivyofikiri. Mzee mwenzangu alikuwa ameshaweka mkono kwenye saa. Mama mmoja alikuwa ameegemea ukuta, amejiandaa kusinzia. Vijana wawili wa kwaya walikuwa wameangaliana wanacheka, wakaona nimewaona, wakakoma. Na katika benchi la kwaya, upande wa dirishani, kuna mahali ambapo akina mama wanawekea vitabu na mikoba. Pale ndipo alipokuwa anakaa Tabitha. Nimesimama mbele ya mahali hapo Jumapili za miaka kumi na moja, nimefumba.

"Fumbueni macho," nikasema. "Hii si sala." Nikawaambia nilimsema dada yangu Tabitha ndani ya sala, mahali hapa, kwamba nilifanya hivyo ili asinijibu, na kwamba mtu niliyemwita mpagani sasa anasali kuliko mimi. Magoti yalinitetemeka. Nilipomaliza hakuna aliyeitikia amina, maana hawakujua kama inatakiwa. Nikarudi kukaa. Nje, baada ya ibada, wale walionishika mkono zamani walipita mbali kidogo. Mmoja tu alinisogelea.

"Mzee," akasema, "maneno mazuri. Ila ungeyaweka ndani ya sala yangekaa vizuri zaidi."

Nilichojifunza ni kidogo kuliko nauli. Mungu hakuwahi kunikataza kuongea naye; mimi ndiye niliyemtumia kama ukuta wa kujificha, na mtu hawezi kuongea na ukuta anaojifichia. Siku hizi naomba chumbani, sentensi mbili au tatu, natazama dirishani. Kuna siku sentensi ni moja. Wali wangu haupoi tena.

Jumapili ileile alasiri simu iliita. Ilikuwa Tabitha. Akina mama wa kwaya wana simu.

"Wanasema ulitetemeka," akasema.

"Nilitetemeka."

"Na macho?"

"Wazi."

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na Mabula akimwita mmoja kwa jina.

"Kaka," akasema, "ukija tena, toa taarifa mapema. Kuku wa huku hawakamatwi kwa kushtukiza."