Alama ya Mzinga wa Baba

Mdogo wetu wa mwisho anatengeneza programu za kompyuta. Juzi alikuja kwangu Gongoni akanieleza kazi aliyonayo: ofisi moja ina mifumo mitatu, kila mfumo na nywila yake, na yeye anajenga mlango mmoja. Mtu ajitambulishe hapo mara moja, kwingine kote apokelewe bila kuulizwa tena. Nikamwambia kazi hiyo niliwahi kuifanya, naye alikuwa mgongoni kwangu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa barabara ya Nzega. Baba alifariki, na mama akamfuata kabla mvua hazijakatika. Niliacha shule niwalee wadogo zangu watatu. Kijiji kilikuwa na duka la ushirika, mashine ya kusaga na zahanati, na kila mahali mhudumu alitaka kujua mwenye kaya ni nani. Dukani nilidaiwa shahidi, nikampata. Mashineni shahidi wa dukani hakutosha. Walimtaka balozi wetu wa nyumba kumi aje mwenyewe. Zahanati wakaniambia nirudi na mtu mzima.

Baba mdogo akaja na baiskeli kutoka Isikizya.

"Watoto tuwagawe," alisema. "Kila mmoja aingie kwenye kaya inayojulikana. Wewe nani atakutambua?"

"Nipe muda, baba."

"Nitakaporudi kuchukua mahindi yangu niliyoyaweka hapa, naondoka na huyo mdogo."

Nilikata maboksi ya sabuni nikatengeneza kadi, kila kaya na yake. Balozi aweke dole gumba, na milango yote mitatu iikubali. Nikazipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Mzee mmoja aliigeuzageuza ya kwake, akaitupa chini.

"Hiki ni kipande cha kazi cha mkoloni. Nimekata mkonge kwa kipande, hulipwi mpaka kijae. Leo huyu binti anakirudisha?"

"Tena hiki kinanuka sabuni," mwenzake akasema, na mkutano mzima ukacheka.

Niliziokota kadi zangu zote. Asubuhi nikamfuata balozi msituni, alikokuwa juu ya mti akikagua mizinga yake. Kwetu kila mrina asali huchonga alama yake kwenye mzinga, na anayeiba alama ya mwenzake hakaribishwi tena kwenye moto wa kambi yoyote. Ya balozi ilikuwa duara lenye mkia.

"Shikamoo. Alama yako mashineni wanaijua?"

"Marahaba. Hata mbwa wao anaijua."

"Na zahanati?"

"Mganga anakula asali yangu. Unataka nini, binti?"

"Uichome kwenye vibao, kaya kwa kaya. Pembeni mwenye kaya achonge ya kwake. Wewe ututambue sisi, wao wakutambue wewe. Kibao kikipotea, mtu arudi kwako tu."

"Na chenu kitachongwa alama ya nani? Ya baba yenu huirithi mtoto wa kiume."

"Wa kiume huyu hapa mgongoni. Hata kisu hajui kushika."

"Akijua mtagombana wenyewe," alisema, akashuka kutafuta mti mkavu.

Kwenye mkutano uliofuata, mzee wa mkonge alipitisha kidole juu ya duara lile, akakitia kibao mfukoni. Safari hii hakukitupa. Wahudumu wa milango yote mitatu walikuwapo, wakakubali mbele ya watu.

Baba mdogo aliporudi hakunikuta nyumbani. Mtoto alikuwa na homa, nami nilikuwa nimempeleka zahanati. Akanifuata huko na baiskeli yake, akaingia akikohoa, tayari kunisemea.

"Huyu hana mtu," alianza. "Mimi ndiye..."

Mganga alikuwa ameshika kibao changu. Alitazama duara lenye mkia, akatazama alama ya baba niliyoichonga pembeni, akanirudishia. Kisha akaniuliza mimi, "Homa ilianza lini, mama?"

Nilikuwa sijawahi kuitwa mama na mtu mzima. Nikamjibu, akampima mtoto, akatupa dawa.

Nje, baba mdogo alichezea kengele ya baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga mto mdogo, wa mtoto kukalia. Akaufungua, akanipa.

"Twende nyumbani, unisaidie kufunga gunia," alisema.

Tulipofika, tukafunga mahindi pale pale palipokuwa na mto.